Mbuzi Wako Ana Kilo Ngapi?

Mfugaji wa mbuzi akiingia Owino, soko la Kampala ambalo kwenye karatasi za serikali linaitwa Mtakatifu Balikuddembe, huwa amefuata vitu vya kawaida: magunia, kamba, chumvi, mabuti ya mvua, pengine koti la mitumba la kuvaa bandani alfajiri. Mimi humwomba aongeze kimoja. Apite kwa mafundi cherehani, wale wanaopunguza suruali na kubana mashati hapo hapo sokoni, aulize wanakonunua futikamba zao, naye anunue moja. Haitamgharimu hata nauli ya boda boda ya kurudi nyumbani. Lakini itamwambia jambo ambalo wafugaji wengi wadogo wa Wakiso, Mukono, Mpigi na Luweero hawalijui kuhusu mali yao wenyewe, yaani mbuzi wao wana kilo ngapi.

Mizani ya mifugo ni ghali na kwa mtu mwenye mbuzi kumi haina haja. Mshike mbuzi asimame kwenye ardhi tambarare, miguu yote minne ikiwa chini ya mwili, kichwa kikitazama mbele. Zungusha futikamba kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, uivute mpaka manyoya yalale bila kumkaba. Andika sentimita. Kisha pima urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega mpaka mwisho wa mfupa wa tako. Zidisha kifua kwa kifua, zidisha jibu kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mbuzi mwenye kifua cha sentimita 70 na urefu wa sentimita 60 atakupa 294,000, na ukigawanya unapata kilo 27. Ni makisio, na jike mwenye mimba kubwa huiharibu kabisa hesabu. Kwa mbuzi wa kuuza aliyepimwa asubuhi kabla ya kula, makisio hayo yanatosha kukaa nayo mezani na mnunuzi.

Maana mnunuzi yeye anajua. Mchuuzi anayezunguka vijijini kukusanya mbuzi wa machinjio ya Kalerwe, au wa wachoma nyama wa mjini, hana mizani pia, lakini ana mikono. Anambonyeza mbuzi juu ya kiuno asikie kama mifupa imefunikwa, anamshika sehemu ya chini ya mkia, anamnyanyua kidogo miguu ya mbele, anamwachia. Amefanya hivyo kwa mbuzi wengi mno kiasi kwamba akikosea, hukosea kwa kilo moja au mbili. Akitaja bei ameshajua nyama itakayotoka, kwa sababu mbuzi wetu wa kienyeji hutoa nyama na mifupa ya bucha inayokaribia nusu ya uzito wake akiwa hai. Wa kilo 27 atatoa kama kilo 12 au 13. Ameshazidisha kwa bei ya bucha, ameshatoa usafiri, kibali cha kusafirisha mnyama, ada ya machinjio na faida yake. Kilichobaki ndicho anachokutajia, na mara nyingi anakata tena kidogo, kwa kuwa anaona humjui mbuzi wako.

Sina ugomvi na wachuuzi. Kazi yao ni ngumu, mbuzi humfia mtu njiani, na bila wao mfugaji wa Kapeeka angelala na mbuzi wake barabarani. Ninachosema ni kwamba hesabu hiyo hiyo unaweza kuifanya wewe pia. Wiki unayotaka kuuza, pita bucha mbili tatu uulize kilo ya nyama ya mbuzi inauzwaje. Zidisha kwa nyama inayotarajiwa kutoka kwa mbuzi wako. Huo ndio ukomo wa juu, na bei yako itakuwa chini yake kwa gharama unazoweza kuzitaja moja moja. Mazungumzo hubadilika kabisa mwenye mbuzi anaposema, "Ssebo, huyu ana kilo 27, mpime ukitaka."

Kuna wakati mmoja kwa mwaka ambapo kilo peke yake haitoshi, nao ni Iddi ya kuchinja. Mnunuzi wa Iddi hatafuti nyama tu, anatafuta mnyama anayefaa kwa ibada. Mbuzi awe ametimiza mwaka, asiwe kilema, chongo, mgonjwa wala aliyekonda. Aliyehasiwa anakubalika. Mteja anayejua dini yake atamfungua mdomo, na akikuta meno yote bado ya utoto anasita, kwa sababu jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele hutoka mbuzi anapokuwa na mwaka na zaidi kidogo. Hapo ndipo wafugaji wengi wanapopoteza soko bora kuliko yote, kwa kuuza kila dume linapofika miezi saba au minane. Nao wanaotaka kusubiri hukosea kalenda. Iddi ya kuchinja ya mwaka 2024 ilikuwa Juni 16. Ya 2025 ilikuwa Juni 6. Hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mbuzi jike hubeba mimba miezi mitano. Ukijumlisha na mwaka mmoja wa umri, beberu lazima awe amempanda jike miezi 17 kabla ya siku yenyewe, na afadhali iwe 18 ili mnyama awe na nafasi ya kujaza mwili. Anayeanza kuifikiria Iddi baada ya Ramadhani amechelewa kwa zaidi ya mwaka. Kanuni hiyo haina ugumu wowote, inataka daftari tu lenye tarehe za kupandwa na kuzaliwa.

Nimeanza na kuuza kwa makusudi, kwa sababu ukishazoea kuhesabu kilo utaanza kuliona na banda lako kwa jicho hilo. Swali ninalomuuliza kila mfugaji wa mbuzi wa nyama ni hili: kila jike wako amekupa kilo ngapi za kuuza mwaka huu? Siulizi una mbuzi wangapi. Uganda ina mbuzi wengi. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu milioni 12.5, na ya mwaka 2021 ilipita milioni 17. Idadi imepanda vizuri. Lakini kaya inaweza kuwa na mbuzi ishirini na isiuze hata watano kwa mwaka, huku jirani mwenye majike sita analipa karo ya watoto kwa mbuzi.

Tuchukue majike kumi. Jike wa kienyeji anayetunzwa vizuri anaweza kuzaa kila baada ya miezi minane, yaani mara tatu kwa miaka miwili, na mapacha si ajabu. Tuseme kwa wastani kila uzazi una mtoto mmoja na nusu. Kwa mwaka, majike kumi watakupa vitoto kama 22. Sasa tuseme asilimia 30 wanakufa kabla ya kuachishwa ziwa, jambo ambalo katika banda lenye unyevu na msimu mbaya wa mvua si la kushangaza. Unabaki na 15. Ukiwauza wakiwa na kilo 20 kila mmoja, una kilo 300, sawa na kilo 30 kwa jike.

Hapo zipo njia mbili za kupandisha hesabu. Ya kwanza ndiyo inayopendwa, nayo ni kununua beberu wa Boer au chotara wake ili vitoto viwe vikubwa. Tuseme kila kimoja kinafikisha kilo 25 badala ya 20. Vitoto 15 vinakuwa kilo 375. Ya pili haina picha nzuri ya kupiga kwa simu: unakausha banda, unalisha majike wenye mimba na unahakikisha kila kitoto kimenyonya dang'a, mpaka vifo vinashuka kutoka asilimia 30 hadi 10. Unabaki na vitoto karibu 20 vya kilo zile zile 20. Hizo ni kilo 400, na hujanunua damu ya kigeni hata tone. Ukiongeza beberu bora baada ya hapo, zinakuwa 500. Ukimtanguliza beberu, ongezeko lake unalizika pamoja na vitoto.

Sisemi Boer ni mbaya. Ni mbuzi wa nyama aliyetengenezwa na wafugaji wa Afrika Kusini kwa uteuzi wa muda mrefu, na chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1959. Mwili mweupe, kichwa cha kahawia, kifua kipana, paja lililojaa. Sembabule imejipatia jina kwa mbuzi hao na machotara wao, na sifa hiyo inastahili. Lakini Boer anakua haraka kwa sababu anakula sana, naye hana uvumilivu wa mbuzi wetu kwa minyoo, kupe na kiangazi kirefu. Mbuzi wa Mubende, yule mweusi mwenye ngozi iliyosifika, amechujwa na mazingira haya haya tunayofugia. Mbuzi wa Kigezi naye, mwenye manyoya marefu mapajani, amezoea baridi ya milimani. Chotara wa kwanza wa Boer na jike wa Mubende ni mnyama mzuri sana wa kuuza. Ninachokipinga ni kuwabadilisha majike wote kidogo kidogo mpaka una zizi la wanyama wanaodai chakula cha Sembabule katika kiwanja cha futi mia kwa hamsini cha Matugga.

Jambo la beberu linalonisumbua zaidi ya ukoo wake ni kukaa kwake mno. Beberu mmoja anatosha majike 25 au 30. Mwenye majike watano hana haja ya kumiliki wake. Akimnunua atamweka miaka minne, beberu atampanda binti yake na mjukuu wake, na vitoto vitaanza kuzaliwa vidogo, dhaifu, vingine vyenye mataya yasiyokutana. Wafugaji wanne au watano wa kijiji kimoja wakikubaliana kumiliki mabeberu kwa zamu na kubadilishana kila baada ya mwaka mmoja na nusu, kila mmoja anapata damu mpya kwa sehemu ndogo ya bei. Jambo hilo linataka kuaminiana na kupima afya kabla ya kuhamisha mnyama, basi.

Tangu Februari 2022 serikali ilipozindua mpango wa maendeleo wa parokia (PDM) huko Kibuku, na kaya kuanza kupata shilingi milioni 1 kupitia SACCO za parokia, mbuzi wamekuwa chaguo la wengi. Ni chaguo la busara. Kosa lililozagaa ni kumaliza fedha zote kwa kununua wanyama kwenye mnada mmoja, wiki moja, wakati kila mtu mwingine wa parokia ananunua. Bei imepanda, waliokataliwa na wachinjaji ndio wanaoletwa, na wagonjwa wamechanganyika na wazima. Ningekuwa na milioni hiyo, theluthi nzima ingekwenda kwenye banda na miche ya malisho kabla mbuzi wa kwanza hajaingia. Majike ningewatafuta majumbani, kwa watu ninaoweza kuwauliza mama wa kila jike huzaa wangapi, na kila mgeni angekaa peke yake wiki tatu. Homa ya mapafu ya mbuzi na sotoka ya mbuzi na kondoo huingia bandani kwa miguu ya mbuzi mpya. Sotoka hiyo ilithibitishwa Karamoja mwaka 2007. Ina chanjo nzuri inayolinda kwa takriban miaka mitatu, na mashirika ya FAO na WOAH yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa kuitokomeza duniani. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya chanjo inafika lini kwenu, na usingoje ugonjwa ufike kwanza.

Banda lenyewe halihitaji fundi mkubwa. Liinuke kama mita moja kutoka chini, sakafu iwe ya mabanzi yaliyoachana sentimita moja na nusu, ili kinyesi kidondoke na kwato la kitoto lisinase. Jike mmoja apate kama mita moja na nusu ya mraba. Upande unaotoka upepo wa mvua uzibwe, ule mwingine uache hewa ipite, kwa sababu harufu kali ya mkojo ikikupiga wewe ukiwa umesimama, kitoto kilicholala sakafuni kinaivuta usiku kucha. Vifo vingi vya misimu ya mvua, ya Machi hadi Mei na ya Septemba hadi Novemba, havitokani na ugonjwa wa ajabu. Ni unyevu, baridi ya alfajiri na mapafu machanga. Kinyesi kilicho chini ya sakafu kikusanywe kila wiki, na shamba la migomba na kahawa litakushukuru kwa mkungu unaoonekana.

Saa ya kwanza ya maisha ya kitoto ndiyo ghali kuliko zote. Kitovu kichovywe kwenye ayodini. Kinyonye dang'a mapema, ndani ya saa hiyo ya kwanza kama inawezekana, kwa sababu kinga anayoipata mwanambuzi inatoka humo, na utumbo wake huanza kufunga mlango wa kuipokea katika siku ya kwanza. Wakiwa mapacha, yule mdogo asukumwe kwenye chuchu kwa mkono. Jike aliyelishwa vibaya miezi miwili ya mwisho ya mimba hana maziwa ya kuwatosha wawili, na hapo mfugaji hulaumu mapacha badala ya kulaumu hori.

Minyoo nayo inanirudisha kwenye kilo. Adui mkubwa hapa ni mnyoo wa tumbo anayenyonya damu, mwekundu kwa nyeupe, mwembamba kama uzi. Dawa zinapatikana mwendo mfupi tu kutoka Owino, kwenye maduka ya pembejeo ya Container Village, na pale ni muhimu kuangalia tarehe ya mwisho, lebo na lakiri kabla ya kulipa. Lakini dawa halisi ikitolewa kwa kukadiria kwa macho, mbuzi wa kilo 35 anapewa ya kilo 20, minyoo dhaifu inakufa na sugu inabaki kuzaa. Baada ya miaka michache dawa hiyo haiui tena kitu katika kijiji kile. Pima kifua, tafuta uzito, ndipo ujaze bomba. Halafu usimpe kila mmoja kila mara. Daktari François Malan wa Afrika Kusini alibuni kadi ya rangi iitwayo FAMACHA: unafunua kope la chini la mbuzi, unalinganisha wekundu wa ndani na rangi za kadi, na unawapa dawa wale waliopauka tu. Jike ambaye kope lake huwa jekundu msimu baada ya msimu bila dawa ndiye wa kubaki kuzalisha. Anayepauka kila mara aende bucha, hata akiwa mzuri wa sura. Albendazole isitumike kwa jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, na hapo lile daftari la tarehe hukusaidia tena.

Nimefika kwenye chakula, na hapa ndipo Owino inapoweza kufanya makubwa kuliko kuuza futikamba.

Kampala inakula matoke, na matoke humenywa. Wauza chakula wa masokoni, wanaopika kuanzia alfajiri ili wachuuzi na wapagazi wale mchana, humwaga maganda kwa magunia. Humo humo mna maganda ya viazi vitamu na muhogo, maganda ya mafenesi na majani ya kabichi. Sehemu kubwa ya taka za jiji hili ni mabaki ya namna hiyo yanayooza. Yalipelekwa Kiteezi kwa miaka tangu jalala lile lifunguliwe mwaka 1996, yakarundikana mlima, na Agosti 10, 2024 mlima ukaporomoka juu ya nyumba za watu. Waliokufa walizidi 30. Siwezi kuandika kuhusu maganda ya ndizi Kampala bila kuwataja, kwa sababu kile kilichowafukia kwa sehemu kubwa kilikuwa chakula cha mifugo kilichokosa kufika kwa mifugo.

Wafugaji wamekuwa wakiyafuata maganda hayo kwa miaka mingi, wa ng'ombe wa maziwa wakitangulia. Gunia linafungwa kwenye boda boda, linaelekea Nansana, Kyengera au Gayaza. Ni jambo jema, lakini hesabu yake wengi hawajaifanya. Ganda bichi la matoke ni maji kwa zaidi ya sehemu nane kati ya kumi. Gunia la kilo 50 lina chakula kikavu cha kilo sita au saba hivi. Kilo zilizobaki umelipia nauli ya maji. Jike wa kilo 30 anahitaji karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Majike kumi wanahitaji kilo kumi. Ukitaka nusu yake itoke kwenye maganda, unahitaji karibu kilo 40 mbichi kila siku. Anayeyaanika juu ya turubai karibu na anakoyachukua, hata kwa siku moja ya jua, anabeba chakula zaidi kwa nauli ile ile.

Tatizo la pili ni protini. Ganda la ndizi lina nguvu lakini protini yake ni kama asilimia 6 hadi 9 ya kikavu. Kiasi hicho kinamtosha kwa shida mbuzi mzima asiye na mimba ili aishi tu. Jike anayenyonyesha anahitaji asilimia 12 na zaidi, na kitoto kinachokua asilimia 14 hadi 16. Mbuzi wa maganda matupu unamtambua kwa mbali, tumbo kubwa na mgongo kama ukingo wa panga. Mwenye naye husema anakula sana lakini haongezeki, na anasema kweli.

Dawa ya hilo ipo kwenye ua wa shamba. Kaliandra na glirisidia zilizopandwa kwenye mipaka, zikikatwa kwa zamu, zina protini ya asilimia 20 au zaidi. Marando ya viazi vitamu yanakaribia hapo. Mfenesi uliopo nyuma ya jikoni una majani ambayo mbuzi huyapigania. Na mutuba, mti ule ule ambao Baganda hutoa gome lake la kutengenezea nguo, majani yake ni malisho mazuri ya kiangazi, ingawa vijana wengi wanaurithi kama kivuli tu. Theluthi moja ya majani ya aina hii juu ya maganda hubadilisha kila kitu. Mambo ya kuangalia ni machache. Mbuzi azoeshwe maganda polepole kwa siku kumi hadi kumi na nne, la sivyo tumbo linachacha. Maganda ya muhogo yaanikwe vizuri kwanza, kwa ajili ya sumu yake. Yenye ukungu yasipewe mnyama yeyote. Chumvi ya mawe ya Ziwa Katwe itundikwe bandani alambe anavyotaka.

Na kaveera. Gunia la sokoni limwagwe chini na kuchambuliwa kwa mkono, kila siku, bila kuchoka. Mfuko wa plastiki ukiingia tumboni kwa mbuzi hautoki. Hujikunja pamoja na mingine, ukawa donge gumu, na mnyama anakonda miezi mizima huku mwenyewe akinunua dawa ya minyoo. Nimeona donge la namna hiyo likitolewa kwenye tumbo la jike aliyechinjwa, kubwa kuliko ngumi mbili, ndani yake ikionekana bado rangi ya mifuko.

Hili la kaveera mfugaji hawezi kulimaliza peke yake, kwa kuwa uchafu unachanganyika pale maganda yanapoangukia. Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) na viongozi wa soko wanaweza. Sokoni maganda humenywa mahali panapojulikana, na watu wanaojulikana, kwa saa zinazojulikana. Pakitengwa sehemu yenye sakafu ya saruji, mapipa ya maganda peke yake, na kikundi cha wanawake wanaomenya kikapewa haki ya kuyauza kwa gunia safi lisilo na plastiki, mfugaji atalipa. Analipa hata sasa kwa gunia chafu. Jiji litaokoa mafuta ya lori la kupeleka taka mbali, na wale nnyabo wanaomenya watapata shilingi mbili pale walipokuwa wanapata moja. Kanuni za mifugo za jiji za mwaka 2006 tayari zinamtambua anayefuga ndani ya Kampala na kumtaka awe na kibali, kwa hiyo wateja wa karibu wanaweza kuandikishwa. Kitu cha kusimamia kwa ukali ni muda. Maganda yaliyomenywa alfajiri yatoke sokoni kabla ya saa tano asubuhi, kwa sababu katika joto la bonde la Nakivubo yakifika alasiri yameshaanza kuchacha, na hapo hata mimi nitamshauri mfugaji ayakatae.